Mkono Ushikao Simu ya Mzee

Tumeletewa swali na Mkristu mmoja wa upande wa Salamabila, msimamizi wa shirika la kijiji chake, nasi mwanzoni tulidhani kwamba jibu lake ni jepesi.

Mjane mmoja, aliyekwisha kupita miaka 70, ana mwana anayechimba dhahabu mbali na nyumbani. Kila mwisho wa mwezi, akijaliwa kupata, mwana humtumia mama yake pesa kwa njia ya simu. Mama hajui kusoma. Simu yake hushikwa na mjukuu, kijana wa miaka 18. Yeye ndiye ajuaye namba ya siri, ndiye aendaye kutoa pesa kwenye kabine, tena ndiye amwelezaye bibi maneno yaliyoandikwa. Mwaka huu mwana alirudi kuzuru nyumbani. Jioni moja wakahesabu pamoja pesa zilizotumwa na pesa zilizofika mkononi mwa mama, na hesabu hazikupatana. Kila mwezi kijana alikuwa akikata kidogo. Basi muulizaji wetu ataka kujua: kijana huyu ni mwizi, au si mwizi?

Amri ya Mungu yakataza kuiba, wala haikuongezwa neno la kuwaruhusu wajukuu. Tungaliweza kuandika mistari miwili: ametenda kosa, aungame, arudishe alichotwaa, kisha tukafunga ukurasa. Lakini katika barua ile muulizaji alituandikia pia maneno ya kijana mwenyewe, na maneno ya bibi, na hayo ndiyo yaliyotuzuia.

Kijana alisema hivi. Nyumbani hakuna umeme. Yeye ndiye anayeipeleka simu kwa mwenye mtambo wa jua na kulipa. Rezo haifiki kijijini. Yeye ndiye anayepanda kilima, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, ili ujumbe uingie. Siku nyingine hufika kwenye kabine akaambiwa kwamba pesa zimekwisha, arudi kesho. Hayo yote juu ya kuteka maji na kutafuta kuni. "Tangu nianze," alisema, "hakuna aliyeniuliza kama nimechoka."

Bibi naye alipoulizwa alijibu kwamba alijua tangu zamani. Mwanawe alikuwa akimtajia kwa sauti kiasi alichotuma, na yeye hesabu ya pesa aijua vizuri, maana amekaa sokoni na chungu cha mawese maisha yake yote. Alijua, akanyamaza. Kwa nini? "Nikimwudhi huyu," alisema, "sitasikia tena sauti ya mwanangu."

Twawaomba mlifikiri neno hilo. Mtu aliyeibiwa anamwogopa mwizi wake, si kwa sababu ya panga wala bunduki, ila kwa sababu mwizi ndiye mlango wake wa pekee wa kufikia mwanawe. Hapo tuliona kwamba swali si la pesa tu.

Watu wasioijua nchi yetu wataona ajabu simu kuwa na nguvu namna hiyo. Lakini ninyi wa Salamabila, wa Kabambare na wa Kasongo mwajua. Dhahabu ya Namoya imewavuta vijana tangu wakati wa Wabelgiji, na mashimo mengine ya mbali yamewavuta zaidi. Mwaka 2018 vita vya Mai-Mai Malaika viliwafukuza watu wengi makwao, na mwaka 2019 kampuni ya Banro ilisimamisha kazi yake Namoya, na wengi waliokuwa wakila mshahara wakaenda kutafuta riziki pengine. Jamaa zimetawanyika. Wazee wamebaki kulinda nyumba na makaburi, maana mtu wa miaka 70 hakimbii kama mtu wa miaka 20, na akikimbia hutaka kurudi. Barabara ni mbovu, na mara nyingine ni ya hatari. Basi uzi uliosalia kati ya mama na mwana ni sauti ile ipitayo hewani, na tangu mwaka 2012, M-Pesa ilipoanza katika Kongo, hata chumvi na sabuni ya mama imekuwa ikipita katika uzi huo huo.

Wataalamu wa siku hizi husema juu ya ufa unaowatenga watu wenye simu na intaneti na watu wasio nazo. Shirika la Umoja wa Mataifa lishughulikialo mawasiliano lilikadiria mwaka 2024 kwamba watu kama bilioni 2.6 duniani hawakuwa wakitumia intaneti. Wengi wakisikia hivyo hufikiri kwamba ufa huo ni wa vyombo: huyu ana simu, yule hana, basi apewe simu, na mambo yameisha. Lakini bibi wetu ana simu. Ni yake, imenunuliwa na mwanawe, nayo imefungwa vizuri ndani ya kitambaa. Kilichomtenga ni kwamba mambo yake yote, mapenzi ya mwanawe, akiba yake, hata siri zake, hayamfikii ila kwa mkono wa mtu mwingine.

Mtu aweza kutujibu: hili si jipya. Wazee wetu hawakujua kusoma, na barua zilikuja. Ndivyo. Wako bado wanaokumbuka barua zilizotoka kwenye machimbo ya kasiteriti ya Kalima, au kwenye shaba ya Katanga, zimefungwa pamoja na noti chache na kuletwa na msafiri. Mzee alizipeleka kwa katekista, na katekista akazisoma. Lakini angalieni jinsi mambo yalivyokuwa. Barua ilisomwa barazani, mchana, na masikio mengi yakisikia. Msafiri aliyeleta pesa alizihesabu mbele ya watu. Tena barua ilibaki nyumbani. Mzee akiwa na mashaka aliweza kuitoa chini ya mkeka baada ya mwezi mmoja, akampa msomaji wa pili, hata mtoto wa shule, amsomee tena. Msomaji wa uongo angalijulikana. Ujumbe wa simu ni namna nyingine. Huingia kilimani, mbali na macho ya watu, mara nyingi kwa Kifaransa, husomwa na mtu mmoja peke yake, na kidole kimoja chatosha kuufuta. Wale waliomlinda mzee, yaani baraza, majirani na karatasi, wameondolewa bila mtu kukusudia. Amebaki na uaminifu wa mkono mmoja tu.

Maandiko Matakatifu yanayo mifano miwili ya vipofu wazee walioishi kwa mikono ya watoto wao, nasi twaona yafaa kuitazama yote miwili pamoja.

Wa kwanza ni Isaka. Macho yake yamefifia, ataka kumbariki Esau, na Yakobo anakuja kwake amevaa nguo za ndugu yake, mikono imefunikwa ngozi za mbuzi. Mzee anashuku. Sauti anaitambua, lakini mikono yamshuhudia vingine, naye hana njia ya kuhakikisha ila kupapasa mikono ile ile inayomdanganya. Mapadri wa kale wa Kanisa walieleza mengi juu ya mpango wa Mungu katika jambo hilo, nasi hatuwapingi. Lakini msomaji asisahau kwamba Isaka, alipojua, alitetemeka tetemeko kubwa. Si kitu kidogo kwa mzee kugundua kwamba ameongozwa gizani na mtoto wake.

Wa pili ni Tobiti wa Ninawi. Naye amepofuka, naye ni maskini, tena ana fedha zake mbali, talanta 10 alizoziweka kwa Gabaeli huko Rage katika nchi ya Media. Hana budi kumtuma mwanawe Tobia azilete. Je, si jambo lile lile la kabine na kilima? Lakini tazameni afanyavyo. Anamwambia mwanawe wazi kiasi cha fedha na mahali zilipo. Anampa hati. Anataka mwanawe atafute mwenzi wa safari mwaminifu, na mwenzi huyo anapopatikana, mzee mwenyewe anaulizia ukoo wake, tena anapatana naye ujira: drakma moja kwa siku pamoja na matumizi ya njiani, na nyongeza wakirudi salama. Hajui kwamba anapatana na Malaika Rafaeli! Na Rafaeli hasemi, "Mimi ni malaika, sina haja ya ujira wako." Anakubali mapatano. Na alipofika Rage, ile mifuko ya fedha ilihesabiwa, mihuri yake ikiwa mizima. Tobiti hakuona hata kimoja cha vitu hivyo kwa macho yake, lakini hakuna hata kimoja kilichofanywa bila yeye kukijua.

Basi tulirudi kwa kijana wetu. Waalimu wa maadili wa Kanisa tangu zamani wamelichungua swali la mtu anayejilipa mwenyewe kwa siri kitu anachodai. Hawakusema kwamba jambo hilo haliwezekani kabisa. Walisema: deni liwe la hakika, kiasi kisizidi deni, na mtu awe hana njia nyingine ya kupata haki yake. Kijana wetu huenda alikuwa na deni kweli, maana kazi yake ni kazi. Lakini njia nyingine alikuwa nayo, iliyo nyepesi kuliko kupanda kilima: kufungua kinywa na kusema, "Bibi, nipe kitu cha umeme na cha miguu yangu." Hakusema. Alipenda kukata gizani kuliko kuomba mchana, pengine kwa haya, pengine kwa kuwa gizani kiasi hakina mpaka. Ujira ni kitu kinachojulikana na pande mbili. Kitu kinachojulikana na upande mmoja hakiwezi kuitwa ujira. Tena Mtakatifu Toma wa Akwino ameiweka heshima ya wazazi chini ya fadhila ya haki. Ni deni tunalolipa, si sadaka tunayotoa tukipenda. Kwa hiyo alichotwaa kupita gharama zake hana budi kukirudisha, na kama hawezi kukirudisha chote, bibi aweza kumsamehe, lakini awe bibi ndiye anayesamehe.

Lakini hatukubali kumwacha kijana peke yake katika kiti cha washtakiwa. Yule mwana aliyekuja na hasira na hesabu zake, yeye naye alikosa. Alinunua simu, akatuma pesa, akaona amekwisha kumheshimu mama yake. Hakujiuliza simu hula umeme wa nani, wala rezo hupatikana wapi, wala miguu ya nani huifuata. Bwana wetu Yezu Kristu aliwakemea wale waliotaja korbani ili wasiwasaidie baba na mama. Korbani ya siku hizi ni kusema, "Nimekwisha kutuma."

Kuna na wengine, wala hao si wabaya, wasemao: waacheni wazee wapumzike. Mambo ya namba na vidole ni ya vijana. Mzee akae kivulini, asali rozari yake, aletewe chakula. Maneno hayo yana wema ndani yake, nasi twajua wazee ambao wenyewe hawataki kuigusa simu, mtu asiwalazimishe. Lakini twaomba watu watazame neno hili linafanya nini likitumiwa kwa wazee wote. "Bibi, wewe kaa tu." Leo akae tu kwa habari ya simu. Kesho akae tu, watoto wamekwisha kuamua shamba liuzwe. Keshokutwa akae tu, mahari ya mjukuu imekwisha kupokewa, naye atapata habari kwa jirani. Mtu huyo anashiba, lakini amekwisha kufanywa mgeni nyumbani mwake. Shirika la Afya la Dunia lilipotoa mwongozo wake juu ya uzee wenye utendaji, mwaka 2002, lilitaja mambo matatu: afya, usalama, na kushiriki. Kushiriki hapo maana yake si nguvu za kulima tu. Ni kuwa na neno katika mambo ya jamaa, ya kijiji na ya dini. Nasi Wakristu hatukungoja mwaka 2002 ili kulijua hilo. Ana binti Fanueli alikuwa mjane wa miaka 84, na hakukaa tu. Alimwona Mtoto hekaluni, akawaendea watu wote waliokuwa wakiungoja ukombozi na kuwaeleza habari zake. Papa Fransisko alipoiweka mwaka 2021 Siku ya Mababu na Mabibi na Wazee, katika mwezi wa Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Ana, alitaka wazee wasikilizwe, wala si kupelekewa zawadi tu.

Mahali pengine watu wamejaribu njia nyingine. Huko Unguja na Pemba, tangu Aprili 2016, serikali ya Zanzibar ilianza kumpa kila mwenyeji aliyefika miaka 70 pensheni, mwanzo shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwanzo wazee walizipokea taslimu vituoni. Kiasi si kikubwa. Lakini mzee aliyeshika noti kwa mkono wake aweza kumwita mjukuu akampa moja, na anayempa mjukuu wake si sawa na anayengoja mjukuu ampe. Sisi katika Maniema hatuna pensheni ya namna hiyo, na hatutaweza kuileta kwa kuandika katika gazeti. Turudi kilimani kwetu.

Tulimjibu muulizaji kwa barua, kabla ya kuandika ukurasa huu, tukampa mashauri machache. Kwanza, mwana na bibi na kijana wakae mbele ya watu wawili wa shirika, wapatane ujira kama Tobiti alivyopatana. Pili, mwana akituma, ampigie pia mtu wa pili mwaminifu na kumtajia kiasi, ili barua irudi barazani, kama tukisema hivyo. Tatu, bibi afundishwe. Hapo tulikuwa na mashaka kidogo, twakiri, tukaandika "kama inawezekana." Tukaongeza kwamba parokia inao vijana wa Xaveri na wa Kiro ambao hujua simu kuliko wanavyojua katekisimu, na kwamba saa moja baada ya Misa ya Jumapili haiwezi kuwaua.

Barua ya pili imefika. Mapatano yamefanyika, kijana atapata kitu chake kila mwezi, kimetajwa mbele ya mashahidi, naye, twaambiwa, alilia, ingawa muulizaji hakueleza kama ni kwa aibu au kwa kupumua. Sehemu ya pesa bibi amemsamehe. Sehemu nyingine analipa kwa kazi ya shamba.

Habari ya kufundishwa ndiyo iliyotushangaza. Kijana mmoja wa Xaveri alianza kumwonyesha bibi tarakimu, akidhani ataanzia pasipo kitu. Lakini bibi alizijua nne tayari, 0, 1, 2 na 5, maana hizo ndizo zilizoandikwa kwenye noti za faranga alizozishika sokoni miaka yote. Zilizobaki alipelekwa kuzitafuta kanisani, katika vituo vya Njia ya Msalaba vilivyo ukutani, ambavyo amevipita kila Ijumaa ya Kwaresima tangu alipobatizwa. Kila kituo kina namba yake chini ya picha. Hajui kwamba ile ni 4, lakini ajua kwamba ndipo Yezu akutanapo na Mama yake. Hajui kwamba ile ni 6, lakini ajua Veronika na kitambaa chake. Kwa Jumapili tatu alitembea ukutani na simu mkononi, akilinganisha alama na alama, na watoto wakimfuata nyuma kana kwamba ni Ijumaa Kuu.

Jumapili ya nne walipanda kilima pamoja, bibi, kijana wa Xaveri na mjukuu wake. Walipumzika mara nyingi njiani. Rezo ilipopatikana, bibi alitaka ile namba ya siri ya zamani ibadilishwe. Kijana wa Xaveri akamfungulia mahali pa kuandika, akampa simu, akasogea pembeni. Bibi akamtazama mjukuu wake, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, geuka kidogo." Naye akageuka, akatazama bondeni, mpaka bibi alipomaliza.